Aliyekuja Watu Wakishaondoka

Msiba ukitokea mtaani kwetu Kapsoya, mtu wa kwanza kulaumiwa alikuwa mzee wa kanisa. Hema lilisimamishwa, akina mama wa ushirika wakaleta sufuria zao, kwaya ikafika na sare, mchungaji akaja na kurudi tena, lakini yeye, ambaye mtaa wote ulikuwa chini ya uangalizi wake, haonekani. Akionekana ni siku ya mazishi, nyuma kabisa, amevaa koti la mvua, na kabla chakula hakijaanza kugawanywa ameshaondoka.

Siku moja mchungaji alimwuliza mbele yetu, tukitoka ibadani.

"Mzee, watu wanasema hujafika kwa ile familia."

"Nyumba imejaa," akasema. "Nikienda saa hii nitakaa wapi?"

"Si kukaa tu, Mzee. Ni kuonekana."

"Nitaonekana watu wakirudi kwao."

Na ndivyo alivyofanya miaka yote niliyomjua. Hema likishafungwa na viti vya kukodi vikisharudishwa, jamaa wa mbali wakishapanda magari, wiki zikipita na simu zikinyamaza, ndipo ungesikia hodi yake. Alhamisi, baada ya chakula cha mchana. Hakuwa na siku nyingine.

Mimi nilimfahamu kwa sababu ya mume wangu. Baba Njeri alikuwa dereva wa trela, mtu wa Mombasa leo na Malaba kesho kutwa. Asubuhi moja akiwa nyumbani kwa mapumziko alianguka bafuni, na tulipomwinua upande wake wa kulia ulikuwa umekufa. Hospitalini walisema ni kiharusi. Maneno yote yalimtoka isipokuwa moja: "Twende." Akitaka maji alisema twende. Akiumwa, twende. Akinikasirikia kwa kumgeuza vibaya kitandani alinitolea macho na kunifokea, "Twende! Twende!" mpaka mate yakamtoka, na mimi nikamjibu, "Twende wapi, Baba Njeri? Twende wapi?"

Nilikuwa na duka dogo mbele ya nyumba, la unga, sukari, sabuni, vitu vya kila siku. Nilihamisha kitanda chake kikaja sebuleni, nikauacha wazi mlango wa katikati, ili nikiwa kwenye kaunta niweze kumwona. Njeri, binti yetu wa pekee, alikuwa amepata kazi ya ualimu Nakuru, na nilimkataza kuiacha.

Mwanzoni wageni walikuwa wengi kiasi kwamba sikupata nafasi ya kuchoka. Walileta mikate, walileta maziwa, walituwekea mikono vichwani wakaomba. Halafu wakapungua. Siwalaumu, kila mtu alikuwa na yake nyumbani. Lakini mtu aliyepooza hapungui uzito kwa sababu wageni wamepungua. Mashuka yalikuwa yale yale, na jua la Eldoret mwezi wa saba halikaushi kitu.

Hapo ndipo Mzee alipokuja. Alisimama upande wa pili wa kaunta, mrefu, mkavu, gumbuti zake, zile buti za mpira, zimejaa tope, kofia mkononi. Nilidhani anataka kununua kitu.

"Habari ya hapa?" akauliza.

"Nzuri, Mzee."

"Sio nzuri. Niambie vile iko."

Sikumwambia. Nilianza kulia, nikalia nimeshika mfuko wa sukari niliokuwa nikimpimia mteja, na huyo mteja akaona aibu akaenda zake. Mzee hakuniambia ninyamaze. Alizunguka akaingia kwa mlango wa nyumba, akavua gumbuti, akakaa juu ya kreti ya soda kando ya kitanda. Viti vilikuwepo. Alipenda ile kreti.

Wageni wengine walizungumza na mume wangu kama mtu anavyozungumza na mtoto mchanga, kwa sauti kubwa na polepole. Yeye alimweleza habari za barabara.

"Pale Webuye wamechimba tena," alimwambia. "Malori yamepanga mstari, hakuna anayesonga."

"Twende," akasema mume wangu.

"Tungeenda. Lakini nani atanikamulia ng'ombe jioni?"

Na mume wangu akacheka, kicheko cha upande mmoja wa mdomo. Kilikuwa cha kwanza tangu aanguke.

Halafu Mzee akanigeukia. "Wewe nenda ulale. Nitaangalia duka."

Sijawahi kumwona muuzaji mbaya zaidi yake. Sigara alikataa kuuza, akawaambia wateja waache kabla hazijawamaliza. Mama mmoja aliyeuliza bei ya mafuta aliambiwa kwamba kule chini karibu na stendi ni nafuu kidogo. Watoto waliotumwa peremende walirudishwa nyumbani wakaulize upya kama kweli wametumwa. Nikiamka nilikuta kaunta kimya na Mzee akisoma maandishi kwenye pakiti ya majani ya chai. Lakini nilikuwa nimelala. Watu wengi walikuwa wameniambia nipumzike. Ni yeye aliyekaa mahali pangu ili niweze.

Maombi hayakuwa kazi yake. Alijua hivyo, na sisi tulijua. Angeanza vizuri, amefumba macho, amekunja mikono, halafu katikati angenyamaza. Anyamaze mpaka nifungue jicho moja nione kama amesinzia. Hajasinzia. Anatafuta neno. Mwisho angesema, "Bwana, unaona mwenyewe. Amina," na kuinuka kufuata gumbuti zake. Kwenye ibada ya Jumapili hawakumpa sala ndefu. Katekista wetu, kijana mwenye ulimi mtamu, aliwahi kusema kwamba Mzee anaomba kama mtu anayepiga simu yenye mtandao mbovu, na tulicheka sana, hata yeye mwenyewe alicheka.

Wengine walisema ana kipawa cha faraja. Nilipomwambia hivyo alikunja uso.

"Kipawa gani? Mimi sipendi kutembelea watu. Ni mke wangu ananifukuza. Alhamisi nikimaliza kula ananiletea kofia. Ananiambia, toka, nenda uone watu."

"Na usipotoka?"

"Hakuna chai."

Nilidhani ni mzaha. Baadaye nilikutana na huyo mke wake kwenye mkutano wa akina mama, mwanamke mfupi, mnyamavu, nikamwuliza. Akasema ni kweli. Alisema mume wake, akiachwa, angekaa na ng'ombe wake mpaka asahau kwamba kuna binadamu wengine. "Na wewe," Mzee aliniambia siku nyingine, "usifikiri nakuja kwa sababu nina moyo mzuri. Hii ni kazi. Kama kupalilia. Unapalilia hata siku ambayo hutaki kuona hayo mahindi."

Sikulipenda neno hilo siku hiyo. Nani anataka kuwa shamba la mtu? Baadaye lilinituliza. Waliokuja kwa sababu moyo umewasukuma waliacha kuja moyo ulipotulia. Huyu hakutegemea moyo.

Wala simsifu kuliko alivyokuwa. Alikuwa mbishi. Kwenye vikao vya wazee alipinga vipaza sauti vipya, akapinga kubadilisha saa ya ibada, akapinga rangi ya mlango. Alikuwa na jirani aliyekosana naye kwa sababu ya ng'ombe aliyeingia kwenye mahindi, na kila walipopishana mmoja aliangalia mbingu na mwingine aliangalia ardhi. Watu wa kwetu, sisi tuliotoka upande wa Nyandarua na kuja kufungua maduka hapa, alituita "nyinyi wageni" hata kama mtu amezaliwa Eldoret na wazazi wake wamezikwa Eldoret. Nilimrekebisha. Alisema sawa, na wiki iliyofuata akasema tena.

Na alikuwa na ndugu. Ndugu mmoja tu, tumbo moja, anaishi Yamumbi, na walikuwa hawaongei tangu walipogawana shamba la baba yao. Niliyajua hayo kwa sababu kila mtu aliyajua. Alhamisi moja, nikiwa nimechoka na sina adabu ya kutosha, nikamwuliza.

"Mzee, kwangu unafika kila wiki. Na ndugu yako yuko Yamumbi hapo tu."

Alivaa gumbuti zake, moja, kisha nyingine, akaenda. Alhamisi iliyofuata hakuja, nikajua nimempoteza. Ile nyingine akaja, akakaa kwenye kreti, akatazama sakafu.

"Nilienda," akasema.

"Ikawaje?"

"Hakufungua mlango. Nilisikia anakohoa ndani."

"Pole, Mzee."

"Nitarudi. Lakini huko kwa ndugu yangu ni kugumu, Mama Njeri. Hapa kwako sina hatia yoyote. Ni rahisi kukaa."

Alirudi Yamumbi mara kadhaa. Nijuavyo mimi, mlango ule haukufunguliwa.

Kuna Alhamisi moja ya mvua ambayo siwezi kuisahau. Mume wangu alikuwa amepata vidonda vya mgongoni, nami nilikuwa nimevisafisha tangu asubuhi huku akinifokea neno lake lile moja. Mzee alipofika nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, nimeangalia mashuka yakinyeshewa kwenye kamba, na sikuwa na nguvu ya kuyaanua.

"Mimi siombi tena," nilimwambia kabla hajanisalimu. "Nimeacha. Naona naongea na mabati."

Nilingoja anihubirie. Katekista angenihubiria, na mchungaji angenikumbusha walioteseka kuliko mimi. Mzee aliingia mvuani, akaanua mashuka yote, akayarudisha ndani yakimdondokea maji miguuni, akayakamua moja baada ya lingine.

"Basi acha," akasema akiwa amenipa mgongo. "Kama umechoka kuomba, pumzika. Hii wiki nitaomba mimi, ya kwangu na ya kwako."

"Na wiki ijayo?"

"Nitakuuliza kwanza."

Na aliuliza. "Umeanza au bado?" Kama mtu anayeuliza kuhusu dawa. Nilimjibu bado, bado, bado. Hakuonyesha kushtuka, na hakuniambia ningojee muujiza. Sijui ni lini hasa nilianza tena. Siku moja aliuliza, nikajikuta nasema, "Kidogo," naye akasema, "Kidogo inatosha," kisha akauliza kama kuna chai.

Muujiza ulikuja wenyewe, kwa gari lenye vipaza sauti. Mhubiri mgeni alikuwa na mkutano wa maombezi uwanjani, na gari lilipita mtaani likiita wagonjwa wote. Nilitaka kwenda. Mzee hakutaka, na alisema wazi.

"Watambeba jukwaani kama gunia, Mama Njeri. Mtu mzima. Mungu anajua nyumba yako iko wapi."

"Ni mume wangu. Nimejaribu kila kitu kingine."

Alizungusha kofia yake mikononi. "Utaenda naye na nani?"

"Sijui."

"Basi nitakuja."

Akaja kweli, siku ambayo haikuwa Alhamisi, na pikapu ya jirani yake, jirani mwenyewe kwenye usukani. Ndiyo, yule yule wa ng'ombe na mahindi, sikuuliza walivyopatana. Tulimlaza Baba Njeri kwenye godoro nyuma, Mzee akakaa naye amemshika asiteleze. Uwanjani kulikuwa na vumbi na watu wengi. Vijana wenye beji walipoona mgonjwa hajiwezi walimnyanyua haraka, wakampitisha juu ya vichwa vya watu mpaka jukwaani. Nilipigana kupita. Mzee alipita mbele yangu, akifungua njia kwa viwiko.

Mhubiri alimwekea mume wangu mkono kichwani, akamwombea kwa sauti iliyopasuka, kisha akamwekea kipaza sauti mdomoni.

"Sema! Fungua kinywa, sema!"

Mume wangu alitazama ule umati. Uso wake ulikuwa umejaa hofu. "Twende," akasema. "Twende."

Uwanja mzima ukalipuka. Watu walirukaruka, wanawake wakapiga vigelegele, mhubiri akapaza sauti kwamba bubu amesema. Nilisimama pale chini ya jukwaa nikiwa na neno hilo moja masikioni mwangu, neno nililolisikia kila saa ya kila siku, na sikuwa na kipaza sauti cha kuwaambia. Wala sijui kama ningewaambia. Walikuwa na furaha nyingi sana.

Mzee alipanda ngazi za jukwaa. Kijana mmoja alijaribu kumzuia, Mzee akamsogeza kama mtu anavyosogeza pazia. Aliinama mbele ya mume wangu.

"Umesema twende?"

"Twende."

"Haya. Twende nyumbani."

Akamweka mkono chini ya kwapa, jirani, aliyekuwa amepanda nyuma yake, akashika upande wa pili, wakamshusha huku mhubiri akiendelea kusifu na umati ukiimba. Njiani nilingoja Mzee aseme kwamba alinionya. Alizungumza na mume wangu kuhusu matuta ya barabarani na jinsi jirani anavyoyaruka bila kupunguza mwendo. Tulipofika alimsaidia kulala, akamfunika, akaja kwenye kaunta nilipokuwa nimesimama bila kufanya chochote.

"Ulikuwa na haki ya kujaribu," akasema. Na hakulitaja jambo hilo tena.

Mume wangu alikufa mwaka uliofuata, alasiri, nikiwa nauza unga. Nilipogeuka kumtazama alikuwa ameshaondoka. Hema likasimamishwa kwangu pia, sufuria zikaja, kwaya ikaja. Mzee nilimwona makaburini, nyuma, na koti lake la mvua. Wageni walipokwisha, Njeri alikaa nami mpaka shule zilipofunguliwa, kisha naye akarudi Nakuru.

Mzee alipokuja alileta spana. Alisimama sebuleni akatazama kile kitanda, ambacho mimi nilikuwa nikikizunguka kila siku kana kwamba bado kina mtu.

"Hiki kinatoka leo au kinakaa?"

"Kikae kidogo."

"Sawa."

Aliweka spana mfukoni, akanywa chai, akaenda. Alhamisi iliyofuata aliuliza tena, nikasema kikae. Ya tatu nilitikisa kichwa tu kukubali, naye akapiga magoti akaanza kulegeza nati. Alifanya kazi polepole. Alipomaliza kukitoa vipande vipande alifagia mahali kilipokuwa, pale ambapo saruji ilikuwa na rangi tofauti, akaniuliza nataka kiti gani kiwekwe hapo.

Baada ya hapo aliendelea kunitembelea kwa muda, kisha siku moja akaniambia kwamba kuna mama mwingine upande wa chini, mtoto wake ana saratani. "Wewe sasa unatembea," alisema. Sikufurahi. Nilihisi kama mtu aliyeruhusiwa kutoka wodini kabla hajapona vizuri. Lakini alikuwa ameona sawa.

Mara ya mwisho kumwona akiwa hai ilikuwa Plateau, kwenye hospitali ya misheni. Nilisikia kanisani kwamba amelazwa, tumbo, na kwamba watamfanyia upasuaji. Nilipanda gari asubuhi. Nilipoingia wodini nilikuta kundi la watu wetu limezunguka kitanda chake, katekista akiongoza maombi, na maombi yalikuwa marefu. Mzee alikuwa amelala chali, macho yamefumba, mdomo wazi kidogo. Niliogopa. Alikuwa amekonda mpaka mfupa wa shavu ungeweza kuushika.

Waliimba, wakasema Amina, wakamwachia matunda kwenye meza ndogo, wakatoka kwa kunyata ili wasimwamshe. Nilibaki. Alifungua jicho moja.

"Wameenda?"

"Wameenda, Mzee."

Alipumua. "Wanaomba vizuri sana," akasema. "Lakini mtu anachoka."

Nilicheka, naye akajaribu kucheka, tumbo likamuuma akaacha. Tukakaa. Niliuliza habari za mke wake. Alisema yuko nyumbani, macho yake siku hizi hayaoni vizuri, hawezi kusafiri peke yake. Kisha akanyamaza, ule unyamavu wake, na nikajua kuna neno analitafuta.

"Mama Njeri. Kuna kitu nataka kukuomba. Ni cha aibu."

"Sema tu."

"Kesho watanifunua. Madaktari, manesi, hata wale wanafunzi. Na miguu yangu." Aligeuza uso ukutani. "Sijaweza kuinama tangu Krismasi. Kucha zimekuwa kama za mnyama. Mke wangu alikuwa ananikata, lakini sasa haoni."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa na kikata kucha, akaniazima. Niliomba maji moto kwa nesi, akaniletea kwenye beseni, nikavuta kiti mpaka miguuni pa kitanda, nikafunua blanketi. Kweli zilikuwa ndefu, nene, zimejikunja. Nililoweka mguu wa kwanza, nikaukausha, nikauweka mapajani mwangu, nikaanza. Zilikuwa ngumu, zilihitaji subira. Kila kucha ilipokatika alifumba macho.

Nilikuwa karibu kumaliza mguu huo aliposema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Naogopa."

Niliinua kichwa. Machozi yalikuwa yakimtiririka kuelekea masikioni na hakuyafuta. Nilitafuta la kumwambia. Nilitafuta mstari, nikatafuta ahadi, na yote niliyoyajua aliyajua yeye kabla yangu, na alikuwa ameshaombewa yote asubuhi hiyo. Nikaushika mguu wake kwa mikono yote miwili. Ulikuwa wa baridi. Niliushika tu, mpaka ukapata joto kidogo. Kwenye korido gari la chakula lilikuwa likija, magurudumu yakilia.

Baadaye alijifuta uso kwa shuka, akatazama dari, kisha akanitazama mimi.

"Na huo mwingine?" akauliza.

Nikasogeza kiti upande wa pili wa kitanda.